Rosine Krapf na siku za kwanza za misheni Mombasa, 1844 (uzi)

#1 Mwenyeji_Kisauni

Wakuu salaam.

Ukifungua kitabu chochote cha historia ya shule utamkuta Johann Ludwig Krapf: mmisionari wa kwanza pwani, Rabai, kamusi, Mlima Kenya. Mkewe utamkuta kwenye sentensi moja, na sentensi yenyewe inahusu kifo chake. Naleta uzi huu kwa ajili ya mama huyo. Jina lake Rosine.

Hoja yangu naiweka mezani mapema, anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Misheni ya pwani yetu haikuanza Rabai mwaka 1846 kama tulivyokaririshwa. Ilianza Mombasa mjini mwaka 1844, wakaianzisha mke na mume, na naamini yaliyompata mke ndiyo yaliyomfunga mume asikate tamaa akaondoka.

Kwanza tuwajue. Rosine Dietrich alikuwa mtu wa Basel, Uswisi. Krapf alizaliwa 1810 Derendingen, karibu na Tübingen, mtoto wa mkulima, akasomea umisionari hukohuko Basel. Chama kilichomtuma kilikuwa CMS cha London, yaani Church Missionary Society, chama cha misheni cha Waanglikana. Zama zile CMS ilikuwa ikichukua Wajerumani wengi waliopikwa Basel, kwa kuwa vijana wa Kiingereza waliojitokeza hawakutosha. Ndiyo maana misheni tunayoiita ya Waingereza ilianzishwa Mombasa na watu ambao wakiwa wawili chumbani walisali Kijerumani.

Krapf alikuwa Uhabeshi tangu 1837, akafanya kazi katika ufalme wa Shoa. Huko ndiko alikoshikwa na shauku ya kuwafikia Waoromo, wale ambao maandishi ya zamani yanawaita Wagalla. Mwaka 1842 akashuka hadi Misri kumpokea mchumba wake, wakafunga ndoa Alexandria. Walipotaka kurudi Shoa wakakuta njia imefungwa, wamisionari wa Kizungu hawatakiwi tena. Wakiwa njiani, kwenye nyika ya upande wa Massawa, Rosine akajifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike, hakuishi. Wakampa jina Eneba, chozi kwa Kiamhari, wakamzika palepale wakaendelea na safari.

Kwa bibi harusi mgeni wa bara hili, huo ndio ulikuwa ukaribisho wake. Angesema anataka kurudi kwao, nani angemlaumu? Wakaamua kwamba kama Waoromo hawafikiki kutokea kaskazini, watawafuata kutokea kusini, kupitia pwani ya Waswahili.

Naendelea, nipeni nafasi.

#2 Msomi_wa_Usiku

Nimeweka kambi hapa. Shusha mkuu.

#3 Mwenyeji_Kisauni

Tuendelee.

Novemba 1843 wakaondoka Aden kwa chombo cha Waarabu. Watu wa pwani mwezi huo tunauelewa: kaskazi inaanza kushika na majahazi yanateremka kusini. Chombo chao kilikuwa kibovu, kikaingia maji na dhoruba ikawapiga. Ilibidi wageuze kurudi, na waliponea kwa kuokolewa na chombo kingine. Hazikupita siku nyingi wakapanda chombo cha pili, safari hii cha watu wa Takaungu, wakaanza upya.

Naomba msipite haraka hapo. Mtu ametoka kuokolewa baharini, nguo bado zina chumvi, anaambiwa twende tena na bahari ni ileile, naye anapanda.

Wakapita Barawa, wakafika Takaungu, wakagusa Mombasa, na mwanzoni mwa Januari 1844 wakatia nanga Unguja. Pale walipokewa na balozi wa Uingereza, Hamerton, ambaye alimpeleka Krapf kwa Seyyid Said. Sultani akampa barua ya kuwaonyesha maliwali na raia wake wa mwambao wote, akimtambulisha kuwa mtu mwema mwenye nia ya kuwaelekeza watu kwa Mungu, na akaamuru atendewe wema na asaidiwe popote afikapo. Barua ya mtawala Mwislamu kwa mmisionari Mkristo! Bila karatasi ile wasingepata hata chumba cha kupanga.

Unguja palikuwa pazuri kwa mgeni: ubalozi upo, Wazungu wa kuzungumza nao wapo, meli zinaingia na kutoka. Wenyeji wao wangependa wabaki. Wao wakachagua Mombasa, kwa sababu iko karibu zaidi na njia ya kwenda kwa Waoromo. Mwezi Mei wakahamia.

#4 Mkunga_Mstaafu

Mwanangu Mwenyeji, mimi si mwanahistoria, nimezalisha akina mama miaka mingi. Naomba kuuliza. Nimesoma mahali kwamba Rosine alijifungua Mombasa Julai 1844. Ni kweli? Kama ni kweli na mimba ilitimia, basi rudini nyuma mwezi kwa mwezi. Mimba ilitunga mnamo Oktoba 1843. Yaani dhoruba ile ya Aden ilimkuta tayari ni mjamzito, au ndiyo kwanza anaanza. Majahazi yote hayo, Barawa, Takaungu, Unguja, alisafiri na mimba changa, ile ya kichefuchefu. Na alikuwa ametoka kumpoteza mtoto mwaka uleule.

Hakuna anayelitaja hili. Wanataja dhoruba tu.

#5 Mwenyeji_Kisauni

Mama Mkunga, ni kweli, mtoto alizaliwa tarehe 6 Julai. Hesabu yako ni ya kuaminika na nashukuru umeisema wewe mwenye kazi yako. Nilipokuwa nawasoma hawa watu mara ya kwanza, safari ile nilikuwa naiona kama ya mwanamume mmoja na mizigo yake. Hesabu ya miezi tisa inaigeuza kabisa.

Sasa Mombasa waliyoikuta. Utawala wa Mazrui ulikuwa umeanguka 1837, kwa hiyo mji ulikuwa na miaka saba tu chini ya Busaidi, ukoo wa Seyyid Said, na majeraha yalikuwa hayajakauka. Ngome ilikuwa na askari wa Sultani. Waingereza hawakuwa wageni kabisa: kati ya 1824 na 1826 maafisa wa manowari za Kapteni Owen walipandisha bendera yao pale kwa muda, na ncha ile ya bara inayotazamana na kisiwa bado tunaiita English Point. Liwali wa wakati huo, Ali bin Nasir, alikuwa amewahi kutumwa London na Seyyid Said kama mjumbe. Kwa hiyo akina Krapf hawakufikia kwa watu wasiojua dunia. Walifikia mji wa bandari, wenye wafanyabiashara wa Kihindi, Waarabu, Waswahili wa mitaa yote, na Wamijikenda wanaoingia na kutoka na bidhaa zao.

Mei, mnajua tena, ni kilele cha masika. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zinanyonya unyevu, godoro halikauki, mkate unaota ukungu kwa usiku mmoja, na mbu wanasimama kwenye kona za chumba kuanzia magharibi. Kusi imeshika, bahari imechafuka. Ndani ya hali hiyo mama mjamzito wa miezi saba anajaribu kuweka nyumba, katika mji ambao hajui lugha yake.

#6 Maalim_wa_Mjini

Assalaam alaykum. Ndugu Mwenyeji, uzi huu nimeufuata kwa makini na naomba niongeze upande wa wenyeji, maana kila hadithi ya misheni hutuweka sisi nyuma ya pazia.

Krapf hakujifunza Kiswahili kutoka hewani. Alikuja anajua Kiarabu, na aliyemshika mkono ni Sheikh Ali bin Muhyiddin, mtu aliyekuwa kadhi. Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, na kadhi huyo alikuwa msaada wake. Hebu fikirini. Mwezi mmoja na kidogo tangu wahamie, na mwanachuoni wa Kiislamu anaketi na mgeni akimsaidia kusema kwa Kiswahili sanifu habari za kuumbwa mbingu na nchi. Hakuogopa, na wala dini yake haikupungua. Habari hizo anazijua, zimo katika Qur'ani pia.

Na mji huo ulikuwa mji wa lugha. Mshairi wetu Muyaka bin Haji alikuwa amefariki 1840, miaka minne tu kabla. Watu waliozungumza na Krapf sokoni walikuwa wale waliomsikia Muyaka kwa masikio yao. Kiswahili kilikuwa na maandishi karne nyingi kabla ya misheni, kwa herufi za Kiarabu. Krapf mwenyewe alikusanya miswada ya tenzi zetu, na 1854 akaipeleka kwenye maktaba ya chama cha wataalamu wa mashariki huko Halle, Ujerumani, ukiwemo Utendi wa Herekali. Nasikitika kwamba ilikwenda mbali, ila nashukuru haikuliwa na mchwa.

Endelea ndugu yangu. Nimeona niseme kabla hujafika Julai, maana najua kinachokuja.

#7 Mwenyeji_Kisauni

Maalim, ahsante sana. Hilo la kadhi lingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza.

Naam, Julai.

Siku za kwanza za mwezi Krapf alishikwa na homa. Alipoanza kupata nafuu kidogo, homa ikamwingia Rosine, na uchungu ukaanza humohumo. Tarehe 6 akajifungua mtoto wa kike. Badala ya kupata nafuu baada ya uzazi, akazidi kudhoofika. Ndani ya siku tatu mwenyewe akawa ameshajua kwamba hatoki, akaanza kuaga.

Mambo aliyoyasema kitandani tunayajua kutoka kwa mumewe, ambaye naye alikuwa amelala mgonjwa chumba hichohicho. Mawili nayataja. La kwanza, aliwaombea watu wa nchi ile na mtawala wake. La pili ni la mazishi. Hakutaka kuzikwa kisiwani. Alitaka azikwe ng'ambo, upande wa bara, kwenye nchi ya Wanyika kama walivyoitwa Wamijikenda wakati huo, ili wapita njia walione kaburi na wakumbushwe kilichowaleta wageni wale.

Akafariki tarehe 13 Julai. Krapf, akiwa na homa, alijikokota kutoka kitandani kwake kwenda kuhakikisha kama kweli roho imetoka. Kesho yake, Jumapili, maiti ikavushwa maji kwenda bara, ikazikwa kule alikoomba. Siku chache baadaye kichanga naye akafa, akazikwa pamoja na mama yake.

Hawakuwa wamemaliza hata miezi mitatu Mombasa, na katika watu watatu wa nyumba ile amebaki mmoja, mgonjwa. Hakuna daktari, hakuna Mkristo mwenzake hata mmoja mjini. Waliovusha ile maiti, waliochimba, waliosaidia kushusha, ni watu wa Mombasa. Majina yao hayakuandikwa na natamani yangeandikwa.

#8 Mkunga_Mstaafu

Nimeisoma nikanyamaza kwanza.

Wengi mtauliza kwa nini alizidiwa baada ya kujifungua na si kabla. Malaria kwa mjamzito ni jambo jingine kabisa. Mwili wa mjamzito kinga yake hushuka, vijidudu hujificha kwenye kondo la nyuma, damu inapungua, mtoto anazaliwa na uzito mdogo au njiti. Mwenyeji aliyekulia huku ana kinga fulani ya kuzoea. Mgeni wa mwaka wa kwanza hana chochote. Akijifungua akiwa na homa, akapoteza damu juu ya damu ambayo imeshapungua, hapo ndipo unampoteza. Na uchafuzi wa uzazi unaweza kujiunga humohumo. Kwa mbali hivi siwezi kutofautisha.

Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye mwenye kosa. Ronald Ross alikuja kuligundua hilo kwa mbu 1897, miaka zaidi ya hamsini baadaye. Wao waliamini homa inatoka kwenye hewa mbaya ya vinamasi. Kwinini ilikuwa imeshatengenezwa tangu 1820 Ufaransa, ila kuitumia kama kinga kabla ya kuugua lilikuwa bado si jambo la kawaida. Leo mjamzito akija kliniki tunampa chandarua chenye dawa, tunampa vidonge vya SP, dawa ya kukinga malaria, anavimeza mbele yetu tukiona, tunampima damu. Vitu vidogo hivyo. Rosine angevipata, huenda tungekuwa tunasoma habari za bibi mwenye wajukuu.

#9 Kijana_Huru

Wakuu, heshima kwa marehemu, lakini niruhusuni niseme linalonikera. Nimesoma kwamba baada ya hayo Krapf aliandikia wakubwa wake London akawaambia kuna kaburi la misheni sasa kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kwamba ndiyo ishara ya kuwa vita vimeanza, na kwamba ushindi wa kanisa hupita juu ya makaburi ya watu wake. Mke hajapoa kaburini na tayari amefanywa tangazo la kuomba wamisionari zaidi. Na tunajua baada ya wamisionari nani walifuata. Mimi siwezi kulisifu hilo.

#10 Mwenyeji_Kisauni

Kijana Huru, barua hiyo ipo na umeieleza sawasawa. Nakujibu kwa yale ninayoyaamini.

La mkoloni kwanza. Mwaka 1844 ni miaka arobaini kabla ya mkutano wa Berlin. Krapf aliishi chini ya liwali wa Sultani, kwa barua ya Sultani, na Sultani angetaka angemfukuza kesho yake, kama alivyozuiwa Shoa. Hakuwa na askari hata mmoja. Sikatai kwamba ramani na habari walizoandika wamisionari zilikuja kutumiwa na wengine. Rebmann, mmisionari mwenzake aliyekuja baadaye, alipoiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848, na Krapf alipouona Mlima Kenya Desemba 1849, habari zile ziliwaamsha wapelelezi wa Ulaya. Lakini mama aliyekufa Julai 1844 kumbebesha mzigo wa 1895, Waingereza walipotangaza utawala wao huku, si haki.

Kuhusu barua: inaniuma kama inavyokuuma. Ila kuna kitu kinanizuia kumhukumu Krapf. Kaburi la kuonekana na wapita njia lilikuwa ombi la Rosine mwenyewe. Yeye ndiye aliyeamua kaburi lake liwe ujumbe. Mume aliandika kwa maneno makali ya vita kwa sababu ndivyo wachungaji wa Kijerumani wa wakati ule walivyoandika, lakini wazo la kwamba kifo kile kisipite kimya lilianzia kitandani kwake. Tukimfanya kuwa mtu aliyetumiwa tu, tunamnyang'anya uamuzi wa mwisho aliokuwa nao.

Na ndiyo maana nasema kaburi lile lilimfunga Krapf. Hakuondoka. Aliendelea peke yake karibu miaka miwili, akitembelea vijiji vya Wamijikenda, akiandika msamiati, mpaka Johannes Rebmann alipofika Juni 1846. Agosti mwaka huo wakapanda Rabai, wote wawili wana homa, hawana nguvu ya kutembea. Kila alipotaka kurudi mjini alivuka maji yaleyale yaliyovusha maiti ya mkewe.

#11 Mama_Mchungaji_Ughaibuni

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari zenu.

Sikutaka kuandika lakini uzi umenigusa pabaya. Mume wangu ni mchungaji wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania. Tulitumwa Ujerumani katika mpango wa kubadilishana watumishi. Wengi hawajui kwamba siku hizi misheni inakwenda pande zote. UEM, ile yenye makao yake Wuppertal, ilikuwa zamani chama cha Wajerumani cha kutuma watu huku kwetu. Tangu 1996 ni ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na huku kwetu baadhi ya dayosisi za KKKT zimo. Mchungaji wa Bukoba au wa Lushoto anaweza kujikuta anahubiri Ujerumani, mahali ambapo mababu zake walitumiwa wahubiri.

Nawaelezeni siku zangu za kwanza, kwa sababu naona Rosine alizipitia kwa namna yake. Mume wangu alikuwa na barua ya kazi, meza ofisini, ratiba. Siku ya pili wakaja kumchukua. Mimi kwenye karatasi zote nilikuwa mwenza. Tulikwenda ofisi ya mji kujiandikisha makazi, maana kule ukihamia unapewa wiki mbili tu kufanya hivyo, na karani aliponiuliza nafanya kazi gani, nikamwangalia mume wangu, naye akaniangalia. Nyumbani mimi ni Mama Mchungaji. Naongoza umoja wa wanawake, naingia nyumba za wagonjwa, watu wananipigia simu usiku. Pale nilikuwa mtu anayesubiri jikoni, na Desemba saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia.

Jumapili ya kwanza ibada ilikwisha, watu wakapeana mikono, wakaondoka. Mimi nikabaki nimesimama nje ya mlango nasubiri mnada. Kwetu ibada haiishi bila mnada: kuku, mkungu wa ndizi, mayai kwenye sahani, mzee mmoja ananunua papai mara tatu ya bei na kulirudisha liuzwe tena. Kule kanisa linaendeshwa kwa kodi inayokatwa pamoja na kodi ya mapato. Hakuna mwenye haja ya kuleta kuku. Niliwaona wazee wa kanisa lile ni watu wema sana, lakini hakukuwa na mahali pa mkono wangu kuingia.

Ilikuja kubadilika kwa mama mmoja mjane aliyenikuta nasoma majina kwenye makaburi ya uani kwa kanisa, akanialika kahawa. Kwake ndiko nilikoanza Kijerumani, na kwake ndiko nilikoanza kazi, maana alinipeleka kwa wenzake waliokuwa hawatoki ndani. Nikawa nawatembelea wazee. Hakuna aliyenipangia.

Kwa hiyo ninapoambiwa Rosine hakuacha kazi yoyote iliyoandikwa, naelewa sababu. CMS ya wakati ule haikuwahesabu wake kuwa wamisionari. Orodha ina jina la mume. Lakini mke ndiye anayefungua mlango mgeni akibisha, na mji wa kiislamu kama Mombasa wa 1844, wanawake wa mji wangekuja kwa nani? Kwa Krapf?

#12 Maalim_wa_Mjini

Umesema kweli binti yangu. Nyumba isiyo na mwanamke, wake zetu wasingeikanyaga. Mlango wa upande ule alikuwa nao yeye peke yake.

#13 Mwisho_wa_Reli

Nasalimu kutoka Kigoma. Mimi naongeza wanandoa wa huku kwetu, tusidhani ni pwani tu.

Chama cha London Missionary Society kilikuwa na baharia mmoja, Edward Hore, aliyekuwa akifanya kazi Ziwa Tanganyika kuanzia Ujiji. Mkewe Annie alimfuata na mtoto wao mdogo, Jack. Walitoka pwani ya Saadani 1884 wakafika Ujiji mwanzoni mwa 1885, siku kama tisini njiani. Walimwekea Annie kiti cha magurudumu cha wagonjwa, lakini kwa njia zile magurudumu yalikuwa ya bure, wapagazi wakakibeba kwa mti begani kupita Ugogo na Unyamwezi yote. Kisha wakavuka kwenda kuishi kisiwa cha Kavala, upande wa magharibi wa ziwa. Annie aliandika mwenyewe safari yake, kitabu kikatoka 1886, na ndiyo maana siku zake za kwanza tunazijua kwa sauti yake. Rosine hakupata bahati hiyo.

Huku Ujiji watu wote wanaijua alama ya Livingstone na Stanley. Muulize mtu Annie Hore ni nani, atakushangaa.

#14 Mjukuu_wa_Ribe

Na kwetu Ribe yupo Rebecca Wakefield, mke wa Thomas Wakefield wa misheni ya Wamethodisti, ile aliyoisaidia Krapf mwenyewe kuanzisha aliporudi kwa muda 1862. Rebecca alifariki 1873, naye baada ya kujifungua. Barua zake kwa ndugu zake zilichapishwa. Ukizisoma unaona mtu anayeeleza mvua, mchwa, watoto wa kijiji wanaokuja kutazama anavyoshona. Makaburi ya akina mama hawa yanafuatana mwambao mzima.

Swali langu kwa mleta uzi: kaburi la Rosine likoje sasa, na baada yake ni mke gani wa mmisionari aliyekaa akadumu?

#15 Mwenyeji_Kisauni

Mjukuu wa Ribe, kaburi liko upande wa bara, Nyali, maeneo ya English Point na Mkomani, na ndipo ulipo mnara wa kumbukumbu wa Krapf. Enzi hizo palikuwa kichaka mkabala na mji. Sasa ni mahoteli na nyumba za watu wenye uwezo. Ukitoka mjini vuka daraja la Nyali, ukifika waulize walinzi au wavuvi wazee wa pale. Ukipata siku nzima, unganisha na Frere Town pale Kengeleni, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa 1875, halafu panda Rabai ukaone kanisa na jumba la makumbusho. Ila mlolongo wenyewe uanzie Nyali.

Aliyedumu ni Emma. Alikuwa mjane wa Kiingereza, jina la mumewe wa kwanza Tyler, na alikutana na Rebmann Misri. Wakaoana 1851, akaja naye Rabai, wakajenga makao yao Kisuludini. Mpelelezi wa Kiingereza Richard Burton alipopita kuwaona Januari 1857, alimkuta anashika nyumba katikati ya tishio la uvamizi wa Wamaasai, na baadaye mwaka huo ilibidi wakimbilie Unguja kwa muda. Walirudi. Emma alifia hukohuko Rabai 1866, baada ya karibu miaka kumi na mitano. Rebmann alibaki mpaka 1875, akiwa amepofuka macho, ndipo akarudishwa kwao, akafariki mwaka uliofuata Korntal. Krapf naye aliishia mji huohuo wa Korntal, Novemba 1881, na kamusi yake ya Kiswahili ikatoka London 1882 yeye akiwa hayupo.

Emma anastahili uzi wake, na tayari nimeanza kukusanya. Mwenye wazee wa Rabai ambao wamesikia lolote juu ya shughuli zake na wasichana wa Kisuludini, naomba aniandikie kwa faragha, na Mama Mchungaji nitakuomba unisomee barua za Kijerumani nikizipata.